SOMO LA KIKUNDI: KANISA NI LA NINI?

Fungu la kusoma: Matendo ya Mitume 6:1-7
Lengo: Kuona kwamba kanisa ni pia mahali ambapo mtu asipoonekana, anaulizwa.



Tukiulizwa kanisa ni la nini, wengi wetu tutajibu haraka: ni la kumwabudu Mungu. Jibu hilo ni la kweli. Lakini je, mtu hawezi kusali akiwa shambani au kando ya meko? Anaweza. Basi kwa nini Wakristo wa kwanza hawakukaa kila mtu na sala yake? Fungu letu latusaidia kujibu.

1. Shida ilianzia kwenye mgao
Kanisa la Yerusalemu lilikuwa likiwasaidia wajane kwa chakula kila siku. Humo mlikuwa na Wayahudi waliosema lugha ya kwao, na wengine waliosema Kigiriki. Wajane wa hawa wa pili wakawa wanarukwa, na manung'uniko yakaanza. Tazameni: kanisa hilo lilikuwa na Mitume wenyewe, sala zilikuwepo, na bado kuna mjane aliyerudi nyumbani mikono mitupu.

2. Mitume walifanya nini?
Hawakuwaambia wajane wanyamaze. Wala hawakuacha sala na mahubiri. Waliita mkutano wa wote, wakataka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wenye Roho na hekima. Ukisoma majina ya hao saba, Stefano, Filipo na wenzao, yote ni ya Kigiriki. Yaonekana kazi ilikabidhiwa watu wa upande uleule uliolalamika. Kisha Mitume wakasali na kuwawekea mikono. Kugawa chakula kukawa huduma ya kanisa kabisa. Na aya ya 7 yasema kanisa lilizidi kukua.

3. Na sisi je?
Mama mmoja ameshindwa kutoa mchango miezi miwili kwa sababu mtoto alilazwa hospitali. Jina lake lasomwa mbele ya wote pamoja na wadeni. Mkutano unaofuata haji. Baadaye hata kanisani haonekani, maana watu wa kwenye benchi ni walewale waliosikia jina lake likisomwa. Sisi twasema, "Huyo amepoa kiimani." Kumbe hakupoa, ameona haya.

Kweli, kikundi bila sheria hakiendi mbali, na mchango usipotolewa kikundi chafa. Ndiyo maana wale saba walitakiwa wawe na hekima, si huruma peke yake. Lakini asiyetaka kutoa na asiyeweza kutoa si mtu mmoja. Katika kitabu cha mweka hazina wote wawili wana deni lilelile. Tofauti yao utaijua ukifika nyumbani.

Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika mkutano wa AMECEA uliofanyika Nairobi, walikazia Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Katika kanisa kubwa mtu aweza kukosa mwaka mzima bila kujulikana. Katika jumuiya ya nyumba chache, pengo lake laonekana wiki ileile. Kikundi chenu nacho ni kidogo namna hiyo. Mnajuana. Hiyo ni nguvu ambayo pesa hazinunui.

Maswali ya kujadiliana
1. Ni nani alikuwa akija kwetu na sasa haji? Nani amemtembelea?
2. Kamati yetu imetoka pande zote za kijiji, au upande mmoja tu?
3. Sheria zetu zasema nini juu ya mwenzetu aliyepatwa na ugonjwa au msiba?

La kutenda
Kabla ya mkutano ujao, chagueni watu wawili wamtembelee mwenzenu mmoja aliyepotea. Wasiende kudai deni. Wamsikilize kwanza. Akiwa tayari, wapatane naye njia ya kulipa kidogo kidogo, na kamati iikubali. Mambo ya nyumbani kwake wasiyatangaze mkutanoni.

Sala
Ee Bwana, utufungue macho tumwone aliyerukwa katika mgao wetu. Utupe miguu ya kwenda kwake kabla hajatusahau. Amina.