Ofisi Isiyo na Jengo

Katika somo la mwezi huu twataka kuangalia jambo ambalo wazazi wengi wametuletea. Binti amesomeshwa kwa taabu, akapata kazi nzuri. Kisha amezaa, hana wa kumwachia mtoto, na kazi imemponyoka. Je, elimu ile yote imekwenda bure? Wengine hutujibu kwamba siku hizi mtu aweza kufanya kazi nyumbani kwa intaneti. Ni kweli, na wengi waliizoea desturi hiyo mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona. Lakini desturi yenyewe ni ya zamani kuliko intaneti, na yafaa tujifunze kwa mtu aliyeifuata kwa penseli na stempu za posta.

Mtu huyo ni Stephanie Shirley. Alizaliwa Dortmund, Ujerumani, mwaka 1933, na baba yake alikuwa Myahudi. Mwaka 1939, akiwa na miaka 5, alipandishwa gari moshi pamoja na dada yake na watoto wengine waliokuwa wakiokolewa mikononi mwa utawala wa Hitler, akalelewa Uingereza na watu wasio wa ukoo wake. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Posta huko Dollis Hill, London, akajifunza kompyuta. Aliona pia kwamba mwanamke, hata akiijua kazi, hapandishwi cheo kwa urahisi, na akizaa hutazamiwa aende zake nyumbani.

Basi mwaka 1962 alianzisha kampuni yake, Freelance Programmers. Mtaji ulikuwa pauni 6, na ofisi ilikuwa meza ya kulia chakula. Biashara yake ilikuwa kuandika programu, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata. Watu walicheka, kwa sababu siku zile programu zilitolewa bure pamoja na mtambo. Alipeleka barua nyingi za kuomba kazi, asijibiwe. Mumewe akamshauri atie sahihi kwa jina la "Steve", ambalo kila mtu angedhani ni la mwanamume. Hapo majibu yakaanza kuja. Hatuisifu hila hiyo, lakini twajiuliza aibu yake ilikuwa ya nani.

Aliwatafuta wanawake wataalamu walioacha kazi kwa ajili ya kulea. Swali moja kubwa lilikuwa: je, una simu nyumbani? Kompyuta hawakuwa nayo, na tena hawakuihitaji. Mama alichora kwanza mpango wa kazi, hatua baada ya hatua, halafu akaandika maagizo kwenye karatasi, akayatia katika bahasha na kuyapeleka posta. Kwingineko makarani waliyatoboa kwenye kadi au utepe wa karatasi, kisha wakayatoboa mara ya pili ili kuhakikisha kwamba hayakukosewa. Hayo yote yalifanyika kabla kompyuta haijaguswa. Hapa ndipo penye siri ya jambo hili, nasi twaomba msomaji apatazame vizuri: kazi ilikuwa imegawanywa katika vipande ambavyo mtu mmoja aweza kuvimaliza peke yake, na kila kipande kimeelezwa kwa maandishi.

Hata hivyo wateja walitaka kusikia ofisi. Kwa hiyo simu ilipolia na watoto wanapiga kelele, bibi huyu alifungulia kanda yenye mlio wa taipureta!

Tena wateja walitajiwa bei ya kazi nzima mapema, si bei ya saa. Kwa njia hiyo hakuna aliyehitaji kumlinda mfanyakazi aone kama ameketi au amesimama. Kilichopimwa ni kazi iliyokwisha. Lakini tusifiche upande wa pili. Ukikadiria vibaya, hasara ni yako. Na mfanyakazi wa kujitegemea asiye na mkataba wa kumlinda, mtoto wake akiugua wiki mbili, fedha nazo husimama.

Katika wafanyakazi 300 wa kwanza, wanaume walikuwa 3 tu. Programu za kisanduku cha kumbukumbu za safari cha ndege Concorde zilitengenezwa na wanawake hao majumbani mwao. Mwaka 1975 Uingereza ilitunga sheria ya kukataza ubaguzi wa jinsia, na kampuni ya wanawake ikalazimika kuwafungulia wanaume mlango. Baadaye aliwagawia wafanyakazi wake hisa, na 70 kati yao wakawa mamilionea. Yeye mwenyewe alikuwa akimlea mtoto wake wa pekee, Giles, aliyezaliwa 1963 na kuwa na usonji mzito. Giles alifariki mwaka 1998. Sehemu kubwa ya mali yake mama huyu aliitoa kwa ajili ya watu wenye hali hiyo. Alifariki Agosti 2025, akiwa na miaka 91.

Katika vikundi vyenu zungumzeni haya. Mhasibu, mfasiri au mchoraji wa ramani za nyumba aliye mtaani kwenu, kazi yake yaweza kugawanywa vipande namna ile? Nani atamlipia umeme na simu, yeye au mwajiri? Na mama akiwa amefunga mlango wa chumba ili afanye hesabu za watu, ninyi wengine mliomo nyumbani mtamwita mara ngapi kabla ya saa sita?