Kuunganisha Mashine ya Kukatia Majani na Trekta

Mkulima wa Nyanungu, kama walivyo wakulima wengi wa Tarime na Serengeti, anaijua vema kazi ya kufunga plau nyuma ya maksai. Jambo likiharibika, hupaza sauti na maksai husimama. Trekta haina masikio. Tofauti hiyo yafaa kukumbukwa na kila kikundi cha wafugaji kinachonunua au kukodi mashine ya kukatia majani ili kuvuna nyasi za masika na kuzikausha ziwe akiba ya kiangazi. Makala haya yanaeleza namna ya kuiunganisha mashine hiyo na trekta bila kuhatarisha maisha.

Viungo viwili

Mashine hushikamana na trekta kwa njia mbili. Kwanza, hubebwa na mikono mitatu ya nyuma: miwili ya chini, inayoinuliwa kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu, na mmoja wa juu. Mpango huu uliendelezwa na Harry Ferguson, mhandisi kutoka Ireland, na trekta zake zenye mikono hiyo zilianza kuuzwa mwaka 1936. Pili, iko shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye visu.

Hatari kubwa imo katika shafti. Trekta nyingi huizungusha mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde. Tuchukue shafti yenye kipenyo cha sentimeta 5. Mzingo wake ni karibu sentimeta 16. Kwa hiyo nguo iliyonaswa huvutwa takriban sentimeta 140 kwa sekunde. Mtu akihitaji nusu sekunde tu kabla ya kuanza kujinasua, sentimeta 70 za nguo zimekwisha kuzongwa. Hapo mkono umekwisha kufika kwenye shafti.

Hatua za kazi

1. Weka mashine mahali tambarare na pagumu. Vaa nguo zinazobana mwili. Kanga, shuka na mikono mipana ya shati haifai.

2. Rudisha trekta nyuma polepole. Mtu yeyote asisimame kati ya trekta na mashine wakati magurudumu yanatembea, hata kama anaelekeza dereva. Asimame kando, mahali anapoonekana.

3. Funga breki, zima injini, toa ufunguo. Ndipo ushuke.

4. Unganisha mkono wa chini wa kushoto, kisha wa kulia, ambao katika trekta nyingi una mpini wa kurekebisha kimo. Malizia na mkono wa juu. Kila pini iwekewe kizuizi chake. Msumari au kipande cha waya si badala yake.

5. Ingiza shafti mpaka kifungo chake kiruke mahali pake, kisha ivute kwa nguvu kuhakikisha haitoki. Mabomba yake mawili yaingiliane vya kutosha yasichomoke, lakini yasigongane mwisho mashine inapoinuliwa.

6. Hakikisha ganda la kukinga shafti ni zima na mnyororo wake umefungwa, ili ganda litulie wakati shafti inazunguka. Ganda lililovunjika libadilishwe kabla ya kazi.

Kabla ya kuanza kukata

Mashine nzito hupunguza uzito wa magurudumu ya mbele, na usukani hulegea. Kanuni inayofundishwa ni kwamba ekseli ya mbele ibaki na mzigo usiopungua moja ya tano ya uzito wa trekta. Ukipungua, ongeza vyuma vya uzito mbele. Katika miinuko ya Tarime jambo hili halifai kupuuzwa.

Okota mawe shambani na uwaondoe watoto na mifugo. Kisu chenye urefu wa sentimeta 75 kutoka katikati, kikizunguka mara 1,000 kwa dakika, ncha yake hukimbia takriban kilomita 280 kwa saa. Jiwe lililopigwa kwa mwendo huo huweza kuua.

Majani yakikwama, ondoa nguvu ya shafti, teremsha mashine chini, zima injini, kisha ngoja visu visimame kabisa, kwani huendelea kuzunguka kwa muda baada ya nguvu kukatika. Na ufunguo uwe mfukoni mwa yule yule anayeingiza mkono.