Dawa ya Majani Isiharibu Miti Yetu

Wandugu walimaji wa Panda, dawa inayoitwa 2,4-D inaua majani mabaya na kuacha mahindi. Lakini inaumiza kila mmea wa majani mapana: mupapai, muembe, avoka, muhogo, tomati.

Utaijua namna gani? Majani machanga yanajikunja sawa kikombe, vichipukizi vinajipinda. Kama ni glifosati, majani mapya yanatoka madogo, membamba na ya njano.

Dawa inafika ku muti kwa upepo ao kwa ngozi ya muti mchanga yenye ingali kijani. Zingine, kama dikamba, zinashuka na mvua mpaka ku mizizi, na mizizi inapita mbali kuliko kivuli cha muti.

1. Pulizia asubuhi, upepo ukiwa mdogo. Jua likiwa kali, acha.
2. Karibu na miti, tumia jembe.
3. Pompi ya dawa hii isitumike kwa tomati.
4. Muti ukiumia, hakuna dawa ya kuuponya. Umwangilie maji, usiukate haraka. Ngoja uone kama unachipua.

Avoka tunaingojea miaka kabla izae. Kuiharibu ni kazi ya asubuhi moja.

Ulizo la mukutano: nani anachunga pompi ya koperative?