Kitenzi katika Tahadhari ya Chuoni

Mifumo ya kuutahadharisha umma vyuoni, yaani ving'ora, vipaza sauti, arafa na barua pepe, aghalabu huchukuliwa kuwa suala la mitambo. Mkasa wa Virginia Tech, Marekani, wa tarehe 16 Aprili 2007, unadhihirisha kuwa ni suala la lugha vilevile. Wanafunzi wawili walipigwa risasi bwenini yapata saa moja na robo asubuhi. Barua pepe ya kwanza ilitumwa saa tatu na dakika 26. Ilieleza kwamba ufyatuaji risasi ulikuwa umetokea na kwamba polisi walikuwa wakichunguza. Jumuiya ikasihiwa iwe na hadhari. Haikutaja vifo, wala haikuamuru milango ifungwe. Robo saa haijaisha, muuaji akaanza mashambulizi katika Norris Hall, ambako aliua watu 30.

Wakati uliopita humtuliza msomaji: lililotokea limepita. Kinachohitajika ni amri. Hapa Kiswahili kina utajiri ambao wabunifu wa mifumo hii wangeuonea wivu. Katika “Jifungieni!” mna kiambishi ji cha kujirejelea, mzizi -fung-, kauli ya kutendea na -ni ya wingi. Arafa ya herufi 160 hulibeba neno hilo na kubakiza nafasi ya kutaja jengo lenye hatari.