SOMO LA AFYA: Plastiki, Chakula cha Moto na Homoni za Mwili



Waliotoka Muhuta na Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, wanajua jinsi mawese yanavyochemshwa, kisha kumiminwa katika bidoni. Wengine wetu hubeba uji au maharage ya moto ndani ya mfuko wa plastiki. Somo letu la leo linaeleza kwa nini moto na mafuta havipatani na plastiki.

1. HOMONI NI NINI?

Homoni ni ujumbe unaotumwa ndani ya mwili. Tezi huutoa, damu huusafirisha. Homoni iitwayo estrojeni, kwa mfano, humfanya msichana avunje ungo.

Ujumbe huo hupokelewaje? Ndani ya seli kuna vipokezi. Kipokezi ni kama kufuli, na homoni ni ufunguo wake. Estrojeni hupenya ndani ya seli na kukaa katika nafasi yake kwenye kipokezi. Hapo kipokezi hubadilika umbo, hushika nyuzi za urithi zilizo katika kiini cha seli, na kuamuru kazi fulani ianze. Binadamu ana vipokezi 48 vya ukoo huu, ingawa si vyote vina homoni inayojulikana.

2. UFUNGUO WA BANDIA

Baadhi ya kemikali zinafanana kidogo na homoni. Mojawapo ni bisfenoli A, inayotumika kutengeneza plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, na rangi inayopakwa ndani ya baadhi ya makopo ya chakula. Tangu mwaka 1936 wataalamu wa London walionyesha kwamba inafanya kazi kama estrojeni. Nguvu yake kwenye kipokezi cha estrojeni ni ndogo sana kuliko ya homoni yenyewe. Lakini mwaka 2006 wataalamu wa Japani walionyesha kwamba hushika kwa nguvu kipokezi kingine cha ukoo huo huo.

Kemikali nyingine ni fithaleti, zinazolainisha plastiki. Zikishavunjwa mwilini, baadhi yake huamsha kipokezi kinachoongoza seli kutunza mafuta.

Ufunguo wa bandia una madhara ya namna mbili: kufungua mlango wakati usiofaa, au kuziba tundu ili ufunguo halali usiingie. Anayehitaji kulindwa zaidi ni mtoto aliye tumboni na mtoto mchanga, kwa sababu viungo vyao vinajengwa kwa maagizo ya homoni.

3. MOTO NA MAFUTA

Mwaka 1993 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waligundua kwamba chupa zao za plastiki ngumu, zilipochemshwa kwa mvuke, zilitoa bisfenoli A ndani ya maji. Joto huilegeza plastiki. Mafuta nayo huvuta fithaleti, kwa kuwa huyeyuka ndani yake kwa urahisi. Mwaka 2011 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku bisfenoli A katika chupa za watoto.

4. TUFANYE NINI?

a) Pakueni chakula cha moto katika sufuria, sahani ya bati au bakuli la udongo.

b) Acheni mawese yapoe kabla ya kuyatia katika bidoni. Chupa ya kioo ni bora zaidi.

c) Mama, mnyonyeshe mtoto. Akihitaji chakula kingine, tumia kikombe na kijiko, si chupa. Kikombe pia ni rahisi kusafisha.

d) Msiwashe moto kwa plastiki. Moshi wake una sumu.

e) Msitumie kamwe bidoni iliyokuwa na dawa ya wadudu. Mabaki ya DDT, kwa mfano, huziba kipokezi cha homoni ya kiume.

5. MSITUPE BIDONI ZA MAJI

Bidoni nyingi za maji zimetengenezwa kwa plastiki yenye alama ya namba 2 chini yake. Plastiki hiyo haitengenezwi kwa bisfenoli A. Maji baridi yaliyotiwa dawa, ndani ya bidoni safi yenye kifuniko, ni salama. Kipindupindu huua kwa saa chache. Kwa hiyo mtu asiache maji safi kwa kuogopa plastiki.

Jambo la kutia moyo ni kwamba mwili hutoa bisfenoli A kwa mkojo, sehemu kubwa ndani ya siku moja. Ukipunguza leo, kesho mwilini imepungua.

MASWALI YA KUJADILI

1. Nyumbani kwenu, ni chakula gani cha moto kinachogusa plastiki? Mnaweza kutumia chombo gani badala yake?

2. Bidoni yenu ilibeba nini kabla ya kuwa yenu? Kama hamjui, iacheni isiguse chakula wala maji ya kunywa.

Msomeeni jirani asiyejua kusoma.