Fundi Mbele ya Watazamaji: Vipindi vya Useremala vya Televisheni na Somo la Kazi za Mikono

1. Utangulizi

Mwalimu wa kazi za mikono ana mtihani ambao mwalimu wa historia hana. Mwalimu wa historia aweza kueleza vita ambavyo hakupigana, na somo lake likawa zuri. Mwalimu wa useremala hawezi kufundisha randa asiyoweza kuisukuma. Hata hivyo, katika mazoezi ya kufundisha twaona mara kwa mara wanachuo wakiorodhesha majina ya zana ubaoni, wakichora kiungo cha mbao kwa rula, kisha wakiwaamuru wanafunzi wanakili. Karakana imefungwa kwa kufuli, na alama hutolewa kwa unadhifu wa mchoro. Wengi wao hawafanyi hivyo kwa uvivu. Wanaogopa kwamba patasi itateleza mbele ya macho ya wanafunzi arobaini, na heshima yao iteleze pamoja nayo.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu huyo kwa kuchunguza vipindi vya useremala vilivyoonyeshwa katika televisheni za umma za Marekani. Vipindi hivyo vilidumu kwa miongo kadhaa, na vile vya zamani vingali vikitazamwa, hata na watu wasiokusudia kupasua ubao mmoja. Jambo lililowavuta watu hao kukaa kimya na kumwangalia mtu akichonga mguu wa kiti lafaa kuchunguzwa na kila mwalimu.

Baada ya kusoma makala haya, mwalimu aweze:
(a) kueleza sababu za kimafunzo zilizofanya vipindi hivyo vipendwe;
(b) kutambua mipaka ya onyesho kama njia ya kufundishia;
(c) kupanga onyesho ambalo mwisho wake ni mikono ya mwanafunzi, wala si macho yake tu.

2. Mafundi wawili

Mwaka 1979 televisheni ya umma ya jimbo la North Carolina ilianza kuonyesha kipindi kilichoitwa The Woodwright's Shop. Kiongozi wake alikuwa Roy Underhill, ambaye pia alipata kuwa fundi mkuu wa ujenzi katika Colonial Williamsburg, mji wa kale wa Virginia unaohifadhiwa ili uonekane ulivyokuwa katika karne ya 18. Baadaye kipindi kilienea nchini kwa njia ya mtandao wa televisheni ya umma, PBS, na kiliendelea hadi mwaka 2017. Underhill hakutumia umeme. Alipasua magogo kwa kabari, akachonga kwa shoka na tezo, akalainisha kwa randa, na alipotaka kukereza alitumia mashine inayoendeshwa kwa mguu.

Kipindi cha pili ni The New Yankee Workshop, kilichoonyeshwa kutoka mwaka 1989 hadi 2009. Kiongozi wake, Norm Abram, alikuwa seremala aliyekwisha kujulikana katika kipindi cha kukarabati nyumba, This Old House, kilichoanza mwaka 1979. Karakana yake ilijaa misumeno ya umeme na mashine za kila namna. Mtayarishaji wake alikuwa Russell Morash wa kituo cha WGBH, Boston. Morash ndiye pia aliyeongoza kipindi cha mapishi cha Julia Child, The French Chef, kilichoanza mwaka 1963. Tukumbuke jambo hili: mtu yule yule aliyejifunza kuonyesha jinsi ya kupika kuku ndiye aliyeonyesha jinsi ya kuunda kabati. Kanuni za onyesho zuri hazitegemei malighafi.

Mafundi hawa wawili walihitilafiana karibu katika kila kitu. Mmoja alitoka jasho juu ya msumeno wa mkono. Mwingine alibonyeza swichi. Lakini wote wawili walipendwa kwa miaka mingi. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba ni zana zilizowavuta watazamaji. Yatupasa tutafute sababu katika namna ya kufundisha.

3. Sababu za kupendwa

Kwanza, mtazamaji alionyeshwa mwisho wa safari kabla ya kuianza. Abram alikuwa na desturi ya kuunda kifaa kimoja kabla ya kipindi, kisha kuunda cha pili mbele ya kamera. Mtazamaji alikiona kitu kizima, akafahamu matumizi yake na jinsi sehemu zake zinavyoshikana, ndipo mbao zikaanza kukatwa. Tangu hapo kila kipande kilikuwa na maana. Linganisha na mwanafunzi wetu anayeambiwa akate ubao wa sentimita 30 bila kujua ubao huo utakuwa nini. Huyo hakati kifaa, anakata amri.

Pili, fundi alifikiri kwa sauti. Alisema kwa nini ameuchagua upande huu wa ubao, kwa nini anasukuma randa kufuata nyuzi za mti wala si kinyume chake, na kwa nini amepima mara mbili. Kitendo cha mkono huonekana. Sababu yake haionekani. Mwalimu anayefanya kazi kimya huonyesha nusu ya ufundi, na nusu anayoificha ndiyo ile ambayo mwanafunzi ataihitaji siku atakapokuwa peke yake.

Tatu, ugumu wa kazi haukufichwa. Vipindi vya Underhill vilirekodiwa kwa sehemu kubwa bila kusimamisha kamera. Kwa hiyo watazamaji walimwona akihema, akikimbizana na saa, na pengine akijikata kidole na kuendelea. Jambo hilo halikumshusha hadhi. Lilimfanya mtazamaji aamini kwamba anachoonyeshwa ni kazi ya kweli, na kwamba mbao humsumbua hata bingwa. Hapa ndipo penye faraja kwa mwanachuo anayeogopa kufungua karakana. Mwalimu ambaye kiungo chake kimelegea, akakitazama, akaeleza kilicholegea na kukitengeneza, amefundisha somo ambalo kiungo kilichokaa sawasawa mara ya kwanza kisingeweza kulifundisha.

Nne, usalama ulifanywa kuwa sehemu ya ufundi. Abram hakuanza kazi kabla ya kuwakumbusha watazamaji kusoma na kuelewa maagizo ya mashine zao na kuvaa miwani ya kukinga macho. Maneno hayo aliyarudia kwa takriban miaka 20, hata watazamaji wakayajua kwa moyo. Baadhi ya walimu huchelea kurudia jambo kwa hofu ya kuchosha. Lakini katika mambo yanayohusu jicho na kidole, kuchosha ni wajibu.

Tano, kazi ilikuwa na utulivu. Hapakuwa na mashindano wala mtu aliyeshindwa na kufukuzwa. Palikuwa na mtu mmoja, kazi moja, na mwendo uliofuata mbao. Haraka haraka haina baraka, na karakana ni mahali ambapo methali hiyo huthibitishwa kwa damu.

4. Mipaka ya onyesho

Pamoja na sifa hizo, vipindi hivi havikuwa shule, na mwalimu asivichukue kama vilivyo.

Upungufu wa kwanza ni wa wakati. Kipindi cha nusu saa kilibeba kazi ya siku kadhaa. Gundi ilikauka mahali ambapo kamera haikuwapo, na kazi ndefu ya msasa ikapita kwa dakika moja. Mtazamaji aliyedhani kwamba meza huundwa kwa nusu saa atajiona mjinga pale atakapomaliza siku ya tatu bila kufunga miguu.

Wa pili ni wa zana. Mashine za Abram zilikuwa nyingi kuliko uwezo wa watazamaji wengi, sembuse shule. Ni rahisi mtu kuondoka na fikra kwamba bila mashine hizo hakuna kazi. Wahenga walikwisha sema kwamba mchagua jembe si mkulima. Kwa karakana yenye misumeno mitatu na randa mbili, njia ya Underhill ina manufaa zaidi.

Wa tatu ni kwamba mfano wa mwalimu huigwa pamoja na dosari zake. Uingereza, katika miaka ya 1950 na 1960, Barry Bucknell wa BBC aliwafundisha watu wengi kutengeneza nyumba zao kwa mikono yao wenyewe. Miongoni mwa mambo yaliyoigwa sana ni kufunika milango ya zamani yenye paneli kwa hadibodi ili ionekane bapa na ya kisasa. Baadaye ladha iligeuka, na waliothamini kazi za mafundi wa kale wakaanza kuibandua. Mwalimu hafundishi mbinu peke yake. Hufundisha pia kipi ni kizuri na kipi kifutwe. Afikiri kabla ya kupigilia msumari.

Upungufu wa nne ndio mkubwa: kuona si kutenda. Jicho hudanganyika upesi. Mtu aliyetazama randa ikitoa maranda membamba hudhani ameelewa. Lakini uzito wa mkono, sauti ya chuma kinachokata vizuri, na ule mshtuko wa randa inapokutana na fundo la mti, hayo hayapiti katika kioo. Mwishoni mwa karne ya 19, Otto Salomon, aliyefundisha walimu wa kazi za mikono huko Nääs, Sweden, alisisitiza kwamba mwanafunzi aunde kifaa chenye manufaa, kuanzia chepesi hadi kigumu, na kwamba kazi hiyo iwe yake mwenyewe, isimaliziwe na mwalimu. Nasi katika Tanzania tulielekezwa na sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 kwamba kazi iwe sehemu ya masomo. Onyesho lisilofuatwa na kutenda halitimizi hata moja kati ya hayo.

5. Mfano wa somo: kiungo cha nusu kwa nusu

Muda: dakika 80. Kila kikundi cha wanafunzi wanne kiwe na msumeno, patasi, nyundo ya mti, guni, penseli na vipande viwili vya mbao vyenye upana na unene ulio sawa.

Hatua ya 1 (dakika 5). Mwalimu aonyeshe kiungo kilichokamilika, kisha akitenganishe. Wanafunzi wakishike na waseme wenyewe kila kipande kimepunguzwa kiasi gani.

Hatua ya 2 (dakika 15). Mwalimu aunde kiungo mbele yao huku akifikiri kwa sauti. Apime upana kwa kutumia kipande cha pili chenyewe, achore kwa guni, na atie alama ya msalaba mahali patakapoondolewa. Akate kwa msumeno ndani ya sehemu yenye msalaba, karibu na mstari, mpaka nusu ya unene. Aeleze kwa nini patasi huingizwa kutoka pande zote mbili kuelekea katikati: ikisukumwa moja kwa moja hadi ng'ambo, ukingo hupasuka. Wanafunzi wasimame mahali wanapoona mikono, si mgongo wake.

Hatua ya 3 (dakika 45). Wanafunzi watende kwa zamu. Anayesubiri awe na kazi ya kuangalia kama msumeno umesimama wima. Mwalimu azunguke, ashauri kwa maneno na kwa kidole, lakini asimnyang'anye mwanafunzi patasi.

Hatua ya 4 (dakika 15). Viungo vyote viwekwe mezani. Kila kikundi kieleze kilipofanikiwa na kilipokosea. Kiungo kilicholegea kisitupwe, kijadiliwe. Alama zitolewe kwa kiungo na kwa maelezo, wala si kwa mchoro.

6. Hitimisho

Underhill alifungua pia shule ya useremala katika mji wa Pittsboro, North Carolina, ambako watu walikuja kushika zana kwa mikono yao. Basi hata fundi aliyetazamwa na watu wengi alihitaji chumba chenye meza, mbao, na mwanafunzi aliyesimama karibu naye. Chumba hicho shule zetu nyingi tayari zinacho. Ufunguo wake umo mfukoni mwa mwalimu.

Maswali ya kujadili
1. Taja vitendo vitatu vya useremala ambavyo sababu zake hazionekani kwa macho. Utazielezaje wakati wa onyesho?
2. Je, mwalimu aendelee na onyesho baada ya kiungo chake kuharibika? Toa hoja.
3. Panga somo la dakika 80 kwa karakana yenye randa moja na wanafunzi 40.