Dondoo muhimu: Je, jaribio lako la ustadi linaaminika?

Kabla ya kutoa alama kwa jaribio la netiboli la kupiga pasi ukutani kwa sekunde 30, lipime jaribio lenyewe. Wapime wanafunzi wale wale mara mbili, wiki moja ikipita katikati. Ukikawia sana, mazoezi yatakuwa yameshawabadilisha.

Mazingira yasibadilike: saa ile ile, mpira uliojazwa upepo kiasi kile kile, mstari wa chokaa usiosogezwa, maelekezo kwa maneno yale yale. Wape kwanza nafasi ya kulizoea jaribio. Usiiruke hatua hii hata muda ukibana, la sivyo alama za mara ya pili zitapanda kwa mazoea tu.

Unapolinganisha alama za mara hizo mbili, uwiano wa Pearson peke yake hautoshi. Darasa zima likiongeza pasi 5 kila mmoja, bado utasoma 1.00! Tumia uwiano wa ndani ya makundi, maarufu kama ICC; thamani ya 0.75 hadi 0.90 huhesabiwa kuwa nzuri.

Kisha tafuta kosa la kipimo: toa ICC kwenye 1, chukua kipeuo chake cha pili, zidisha kwa mkengeuko sanifu wa alama. Mkengeuko ukiwa pasi 4 na ICC 0.84, kosa ni pasi 1.6. Kwa hiyo ni dhuluma kumshusha mtoto daraja kwa upungufu wa pasi moja.

Mnapopima mtindo wa kurusha badala ya idadi, walimu wawili wajaze fomu kila mmoja peke yake, bila kuchunguliana, ndipo mlinganishe.